Sura ya Nne: Grisi Iliyoungua

Barabara ya Lushoto kushuka Mombo ina kilomita 33 hivi, na sehemu kubwa yake ni mteremko wa kona. Anayeishuka kwa baiskeli kwa mara ya kwanza hufurahi mpaka Soni, kisha mikono huanza kumsema. Vidole vinauma kwa kubana breki, viganja vinakufa ganzi, na ukitupa jicho kwenye ringi unaona vumbi jeusi la mpira limetapakaa mpaka kwenye spoku. Siku yangu ya kwanza nilikuwa juu ya baiskeli ya mitumba niliyoinunua wiki ileile, nyekundu, yenye gia 21, na sikuwa nimeiona kasoro yoyote. Kona chache baada ya Soni nilibana breki ya nyuma, nikabana na ya mbele, baiskeli ikaendelea na safari yake kana kwamba sijagusa kitu. Niliiingiza kwenye mtaro wa upande wa mlima. Upande wa pili ulikuwa bonde.

Chini kidogo palikuwa na mzee akiziba pancha ya mchuuzi wa karoti. Aliacha kazi yake, akapanda hadi pale nilipokaa nikijipangusa damu ya goti. Akagusa ringi ya mbele, akauondoa mkono upesi kwa joto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Hii umeinunua lini?"

"Jumatatu."

"Na breki umezifungua lini?"

Nilinyamaza. Alitoa spana namba 10 mfukoni, akalegeza nati mbili, akaniwekea kiganjani vipande vya mpira vilivyokwisha mpaka chuma cha ndani kikawa kinang'aa. "Basi hii bado ni ya aliyekuuzia," akasema. "Ifungue uione ndani, ndipo iwe yako."

Nimemiliki baiskeli nne za milimani tangu siku ile, na kila ninalolijua kuhusu kuzinunua, kuzitunza na kuzifurahia limeanzia kwenye maneno hayo. Ndiyo maana sura hii ina mafuta na grisi nyingi kuliko mandhari. Mandhari yapo, nayo tutayafikia, lakini hufikiwa na mwenye breki.

Miaka kadhaa baadaye, nikitafuta kujua baiskeli hizi zilitoka wapi, nilikutana na kisa kilichonirudisha kwenye ringi ile ya moto. Katika miaka ya 1970, huko Marin, kaskazini ya San Francisco nchini Marekani, vijana walikuwa wakikusanya baiskeli kuukuu za Schwinn zilizotengenezwa miaka ya 1930 na 1940, nzito, za matairi mapana ya inchi 26. Walizipandisha milimani kwa gari au kwa kuzisukuma, kisha wakashuka nazo kwa kasi kwenye njia za vumbi zilizochongwa kwa ajili ya magari ya zimamoto. Breki ilikuwa moja tu, imefichwa ndani ya habu ya nyuma. Ukikanyaga pedeli kinyumenyume ndipo inashika. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza kushindana kwa saa kwenye njia moja karibu na mji mdogo wa Fairfax, yenye urefu wa kama kilomita 3.4 na mteremko wa karibu mita 400. Habu zilipata moto hata grisi ya ndani ikayeyuka, ikaungua, ikatoa moshi. Aliyefika chini alikuwa hana budi kuifungua habu, kuifuta, na kuijaza grisi mpya kabla ya kushuka tena. Kwa Kiingereza kazi hiyo ya kujaza grisi upya ndiyo iliyoipa njia ile jina lake hadi leo: Repack.

Sijui mchezo mwingine ambao mbio zake za mwanzo zimepewa jina la kazi ya fundi. Charlie Kelly ndiye aliyeziandaa. Gary Fisher alishuka kwa dakika 4 na sekunde 22, na rekodi hiyo haikuvunjwa. Joe Breeze, baada ya kuona fremu kuukuu zikikatika moja moja, alianza mwaka 1977 kujenga fremu mpya mahsusi kwa njia zile; moja ya baiskeli zake za kwanza imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Tom Ritchey alichomelea fremu ambazo Fisher na Kelly walianza kuziuza mwaka 1979 chini ya jina la MountainBikes. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, baiskeli ya mlima ya kwanza kutengenezwa kiwandani kwa wingi, na mwaka 1996 mchezo ukaingia kwenye Olimpiki kule Atlanta. Walioanza na baiskeli za kuokoteza walihitaji miaka 20 tu kufika huko, na walijifunza kila hatua wakiwa na spana mkononi.

Turudi sokoni. Wengi wetu tunaanza na mitumba, iliyokuja kwa kontena kutoka Ulaya au Japani, na mimi nawashauri wanaoanza waendelee hivyo. Baiskeli nzuri iliyotumika miaka kumi ni bora mara nyingi kuliko mpya ya bei rahisi yenye rangi nyingi na shokapu mbili. Shokapu ya nyuma ya bei rahisi ni springi tupu isiyo na kitu cha kuizuia isirukeruke. Unapopanda mlima inakula nguvu zako, unaposhuka inakurusha. Kama mfuko hauruhusu shokapu ya kweli, chukua ya mbele peke yake, au hata isiyo na shokapu kabisa, na fedha iliyobaki iweke kwenye matairi na breki.

Ukiikuta unayoipenda, mwambie muuzaji asubiri. Igeuze, itazame kwenye jua. Anza pale bomba la chini la fremu linapokutana na shingo ya usukani. Rangi ikiwa imekunjamana hapo kama ngozi ya maziwa, au bomba limetuna kidogo, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele, na hakuna bei itakayoifanya nzuri. Pitisha ukucha kwenye viungo vyote vilivyochomelewa. Ufa huusikia ukucha kabla jicho halijauona. Kisha uliza fremu ni ya nini. Chuma cha kawaida kikikatika, fundi wa kuchomelea wa kijijini anaweza kukiunga kikakufikisha nyumbani. Aluminiamu haikubali mashine yake, na fremu ya kaboni ikipata ufa inahitaji mtaalamu ambaye huenda yuko nchi nyingine. Kwa anayeishi mbali na Arusha au Nairobi jambo hili lina uzito kuliko gramu mia tano za tofauti.

Simama ukiwa na viatu, bomba la juu la fremu likiwa katikati ya miguu. Lazima ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Panda kitini, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kuinamisha nyonga. Baiskeli isiyokutosha haitokutosha hata ukiipenda.

Na kabla hujaijaribu kwenye mteremko, bana breki moja moja ujue ipi ni ipi. Hapa kwetu, kama Uingereza na Japani, mkono wa kulia kwa kawaida hushika breki ya mbele. Baiskeli nyingi zinazotoka Ujerumani na nchi jirani zake zimefungwa kinyume. Nimemwona kijana mwenye uzoefu mkubwa akiruka juu ya usukani kwa sababu hiyo moja, kwenye barabara tambarare, akiwa amevuta kwa nguvu alichodhani ni breki ya nyuma.

Kuna jambo la matairi linalowapotezea watu fedha. Ubavuni mwa kila tairi, mbali na inchi, kuna namba ndogo ya tarakimu tatu inayotaja kipenyo cha ringi kwa milimita. Tairi la inchi 26 la baiskeli ya mlima ni 559, la 27.5 ni 584, la 29 ni 622. Phoenix ya kawaida ya inchi 28, ile iliyobeba nusu ya magunia ya nchi hii, ni 635. Kwa hiyo aliye na baiskeli ya 29 asidhani tairi la Phoenix litamwingia eti kwa kuwa inchi zimekaribiana, wala mwenye Phoenix asinunue la 29. Soma namba ndogo. Gurudumu la 29 linapita juu ya mawe na mizizi kwa utulivu zaidi, hilo halina ubishi, lakini matairi na mipira ya 26 unayapata Mombo, Same, hata kwenye duka la kijijini pamoja na sabuni na chumvi. Mimi bado naendesha 26 na sijajuta.

Sasa cheni. Nitakaa hapa muda mrefu kuliko mahali pengine, kwa kuwa hapa ndipo fedha za waendesha baiskeli zinapopotelea kimyakimya.

Watu husema cheni "imevutika". Chuma chake hakivutiki. Kinacholika ni pini, na matundu ambamo pini zinazunguka. Kila kiungo kinapata nafasi ndogo isiyoonekana kwa macho, na nafasi hizo zikijumlishwa cheni nzima inarefuka. Cheni iliyorefuka haikai vizuri kwenye meno ya gia. Inapanda juu ya meno, inayachonga, yanakuwa makali kama meno ya papa, na siku utakapofunga cheni mpya itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu, maana meno sasa yamezoea cheni ya zamani. Ndipo unaambiwa ununue gia zote za nyuma, na pengine za mbele. Ungebadilisha cheni mapema ungetumia sehemu ndogo ya fedha hiyo.

Kuipima hakuhitaji kifaa cha dukani. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi kamili, kwa baiskeli zote za kisasa. Chukua futi ya chuma ya fundi seremala, ile yenye inchi. Weka alama ya inchi 1 katikati ya pini yoyote upande wa chini wa cheni iliyokazwa, kisha soma kwenye inchi ya 13. Cheni mpya itakuwa na pini katikati kabisa ya alama hiyo. Pini ikiwa imeipita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, nunua cheni wiki hii. Ikiipita kwa sehemu moja ya nane, gia zako zimeshalika na cheni mpya peke yake haitakusaidia. Mimi hupima kila mwisho wa mwezi, na wakati wa masika kila wiki mbili, kwa kuwa udongo mwekundu wa Usambara ukichanganyika na maji na mafuta unakuwa msasa.

Kuhusu mafuta, nina ugomvi na desturi moja. Mafundi wengi hupaka cheni oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye pikipiki. Ni bure, ni nzito, na cheni inaonekana imeshiba. Lakini oili hiyo imebeba masizi na unga wa chuma kutoka kwenye injini, na uzito wake unanasa kila vumbi la barabarani. Mafuta ya kupikia ni mabaya kwa namna yake. Yakikaa jua moja yanageuka gundi. Nunua chupa ndogo ya mafuta ya cheni, au ya cherehani ukikosa, ukijua ya cherehani yatakwisha haraka. Osha cheni kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, ifute kwa kitambaa mpaka kitambaa kisichafuke, iache ikauke. Kisha dondosha tone moja juu ya kila kiungo huku ukizungusha pedeli kinyumenyume taratibu. Subiri dakika kumi. Halafu futa yote yaliyo nje. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huiacha, wakiona wanafuta mafuta waliyoyanunua. Yanayofanya kazi yameshaingia ndani kwenye pini. Yaliyobaki nje yanasubiri vumbi.

Cheni iliyopakwa vizuri haina sauti. Unaposhuka njia ya msitu bila kukanyaga utasikia friwili peke yake, na ukianza kukanyaga utasikia matairi kwenye changarawe. Ikianza kulia kama kifaranga, shuka ukaitazame.

Habu nayo ifungue mwenyewe angalau mara moja kwa mwaka. Mimi hufanya kazi hii usiku baada ya masika kwisha, sakafuni, juu ya gazeti, taa ikiwa karibu. Utahitaji spana bapa mbili nyembamba, grisi, na bakuli la kuwekea gololi. Ukilegeza nati na kuvuta ekseli, gololi zitatoka, na baadhi zitakimbilia chini ya kabati. Ndiyo maana ya gazeti na bakuli. Habu ya nyuma ya kawaida huwa na gololi 9 za robo inchi kila upande, ya mbele gololi 10 ndogo zaidi kila upande. Zihesabu. Zifute, kisha moja moja iviringishe kati ya vidole chini ya taa. Gololi nzima inang'aa kama jicho la samaki mbichi. Iliyokwisha ina vidoti vya kijivu, na ukiikuta moja ya namna hiyo badilisha zote, ni bei ya soda. Jaza grisi mpya, panga gololi ndani yake kama punje za hindi, rudisha ekseli.

Ugumu uko kwenye kukaza. Ukikaza mno, gololi zinasagwa. Ukilegeza, gurudumu linacheza na mwisho ekseli inakatika. Shika ncha za ekseli kwa vidole viwili uizungushe polepole. Isikwaruze, na ukiitikisa isigonge. Mara ya kwanza nilirudia mara sita, nikalala saa saba usiku. Asubuhi niliinua gurudumu la mbele, nikalizungusha kwa kidole, nikaenda kuchemsha chai, na niliporudi lilikuwa bado linazunguka.

Ukifika kwenye pedeli, kumbuka kwamba ya kushoto ina hesi za kinyume. Ya kulia hukazwa kama kila kitu, kwa kuzungusha kulia. Ya kushoto hukazwa kwa kuzungusha kushoto. Imetengenezwa hivyo isijifungue wakati wa kukanyaga. Watu wengi wenye nguvu wameharibu mkono wa pedeli wa kushoto kwa kutojua hilo, wakiongeza bomba kwenye spana na kukaza kile walichotaka kufungua.

Pancha hazihitaji maneno mengi, kila msomaji amekwisha kuona zikizibwa. Mambo mawili tu. Kabla hujarudisha mpira, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, maana mwiba wa mgunga au wa mbigili uliotoboa mara ya kwanza mara nyingi bado umekaa pale ukikusubiri. Na ukikuta matundu mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu kama meno ya nyoka, usitafute mwiba: upepo ulikuwa mdogo, jiwe likaubana mpira kwenye ringi. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la upana wa inchi 2.2 atatosheka na paundi 28 hadi 35 za upepo. Wanaojaza mpaka tairi liwe gumu kama gogo hukwepa pancha za namna hiyo lakini hupoteza mshiko kwenye kona, na kwenye njia ya mizizi iliyolowa mshiko ndio uhai.

Kama baiskeli yako ina breki za diski, usiiguse diski kwa vidole, na usipulize mafuta ya cheni karibu nayo. Nililipia somo hilo. Tone moja la mafuta likirukia kwenye diski, linanyonywa na pedi, na breki hulia kama mbuzi na kuacha kushika; pedi hizo zilikwenda kwenye taka zikiwa mpya. Zile za maji zina hatari nyingine: baadhi hutumia mafuta ya madini, kama za Shimano, nyingine hutumia maji ya breki yanayofanana na ya gari. Ukiweka ya gari kwenye breki za mafuta ya madini, mipira ya ndani itavimba na kufa. Soma kilichoandikwa kwenye kifuniko kabla fundi wa magari hajakufanyia hisani. Na usiipeleke baiskeli kwa waosha magari. Mashine yao inasukuma maji mpaka ndani ya kila beringi uliyoijaza grisi usiku ule. Ndoo, brashi na kitambaa vinatosha.

Sasa mandhari.

Kutoka Lushoto kwenda Mtae ni kilomita 60 hivi, nyingi zikiwa za vumbi. Toka saa kumi na mbili asubuhi. Kupanda kuelekea Magamba utaweka gia nyepesi kuliko zote na utapumua kwa mdomo, na wanafunzi waendao shule watatembea kando yako wakikuuliza unakwenda wapi. Wajibu, una muda. Msituni ukungu bado umelala kwenye matawi, na mbega huruka juu ya barabara mikia yao yenye ncha nyeupe ikining'inia. Kisha njia inafunguka kwenye mashamba ya kabichi na viazi, inapanda, inashuka, inapinda kwenye mabega ya milima. Mwisho, Mtae, ardhi inakatika ghafla, na tambarare ya Mkomazi iko chini yako, mbali, yenye rangi ya simba.

Kushuka kuna namna yake. Inuka kitini, pedeli zote mbili ziwe usawa mmoja, visigino chini, viwiko nje, nyonga nyuma kidogo. Punguza mwendo kabla ya kona. Ukiingia kwenye kona ukiwa bado umebana breki tairi litateleza. Kidole kimoja au viwili vinatosha kwenye kila breki. Tazama unakotaka kwenda. Ukilikodolea jiwe macho utaligonga, hata njia ikiwa pana kama uwanja. Na kwenye mteremko mrefu bana na kuachia, bana na kuachia, ringi zipate kupoa. Kila baada ya kilomita chache simama uziguse.

Vijia vyetu si vya baiskeli. Ni vya mama aliyebeba kuni, vya mkulima na gunia lake, vya ng'ombe. Yeye anayepanda na mzigo ana haki ya njia, nawe unayeshuka kwa starehe ndiye wa kusimama, ushuke, usalimie. Nimeona wageni na wenyeji wakipita kwa kasi katikati ya watu wakipiga kengele, na kijiji kile baadaye kikaweka magogo kwenye njia. Kilikuwa na haki. Hifadhini ulizia kibali na ukae kwenye njia uliyoonyeshwa. Njia za halali zipo za kutosha: Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako unakanyaga kati ya pundamilia na twiga; msitu wa Karura ndani ya Nairobi; njia ya Kilema kwenye Kilimanjaro; na Rwanda, njia ya Congo Nile yenye kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi.

Rwanda inanirudisha kwa Tom Ritchey, yule mchomeleaji wa fremu za MountainBikes. Mwishoni mwa 2005 alikwenda huko kuendesha baiskeli kwenye vilima, akawaona wakulima wakishusha mizigo kwa baiskeli za mbao, ndugu za chukudu za Goma. Mtu aliyejenga baiskeli kwa mikono yake aliwaelewa watu wale mara moja. Mwaka 2006 yaliandaliwa mashindano ya Wooden Bike Classic, na Ritchey akabuni baiskeli ndefu kwa nyuma kwa ajili ya kubebea kahawa ifike kiwandani kabla haijaharibika. Mwaka uliofuata akaja Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, kuifundisha timu ya taifa. Katika timu ile alitoka Adrien Niyonshuti, kijana aliyepoteza kaka zake katika mauaji ya kimbari ya 1994. Olimpiki ya London 2012 ndiye aliyebeba bendera ya Rwanda, na baiskeli aliyoshindania ilikuwa ya mlima. Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika.

Kwetu bado njia za milimani tunawaachia watalii waliokodi baiskeli kwa siku moja, huku vijana wa Lushoto wakizishuka kila siku na mizigo ya mboga kwa baiskeli zisizo na breki za kutumainiwa. Ustadi wanao. Wakipata pedi nzima, cheni iliyopimwa na mtu wa kuwaonyesha namna ya kufungua habu, sioni sababu ya wao kutoshindana na yeyote.

Ukiamua kwenda Mtae, beba mpira mmoja wa akiba, viraka na gundi, pampu, spana za alenki, kipande cha waya wa breki, na lita mbili za maji. Usiku wa kuamkia safari fungua breki zote mbili uzitazame pedi. Na mwambie mtu wa nyumbani njia utakayopita na saa utakayorudi.